Tasiana na Bwawa la Perege

Kabla ya kumpima mlishaji, pima maji. Methali hiyo mmeisikia leo mkacheka, kisha mkaniuliza imetoka wapi. Haikutoka kwenye kicheko. Ilitoka kwenye dhuluma, na dhuluma yenyewe ilikuwa hivi.

Kikundi chetu kilichimba bwawa la perege, akachaguliwa Tasiana Komba, mjane, awe mlishaji. Asubuhi na jioni alimwaga chakula. Siku ya kuvua, samaki walitoka wadogo kama kiganja cha mtoto. Mwenyekiti wetu, Mzee Ndunguru, akawapima mbele ya watu, akalinganisha uzito wao na chakula kilichotumika. Chakula kingi, nyama kidogo. Akasema kilichopungua kimeliwa na kuku wa Tasiana.

Tasiana alieleza kwamba kila alfajiri samaki walipanda juu wakitweta, na chakula kilizama kikaoza. Alikwisha kumweleza mwenyekiti hayo, tena si mara moja. Nani alimsikiliza? Nyumba yake ikapekuliwa, wanawe wakitazama. Hakikuonekana kitu, na bado akaitwa mwizi.

Kesho yake alikwenda mjini kwa miguu, akarudi na afisa uvuvi, dada mmoja aitwaye Devota. Devota alitumbukiza kipimo bwawani, akasema maji yale yamepungukiwa hewa. Samaki anayehangaika kupumua hali vizuri, wala hanenepi, na chakula anachokiacha huoza na kuzidi kuyaharibu maji. Akauliza maji mapya huingilia wapi.

Tukaufuata mfereji. Ulikuwa umezibwa kwa udongo, na maji yote yamegeuzwa kuelekea bustani ya kabichi ya mwenyekiti.

Mzee Ndunguru akaanza kusingizia kiangazi. Tasiana akamkatiza, bila kupaza sauti.

"Baba, umepima chakula, umepima samaki, ukanipima na mimi mpaka uvunguni mwa kitanda changu. Maji hukuyapima, maana ulijua yalipo. Kabla ya kumpima mlishaji, pima maji."

Siku ile ile kikundi kilimwondoa mwenyekiti, kikamwomba Tasiana arudi kazini. Alikataa. Akasema anayetaka radhi aanze kwa wanawe. Basi tukaenda mmoja mmoja, watu wazima na mvi zetu, kuwaambia watoto wale kwamba mama yao si mwizi.

Kwa hiyo mkiona mtu analaumiwa kwa kazi iliyoharibika, na hakuna aliyeuliza ni nani aliyeiharibu, msicheke. Simameni mseme: kabla ya kumpima mlishaji, pima maji.