Asali ya Wageni

Isome taratibu hadi mwisho, kisha mpelekee yule unayekula naye kila siku.

Katika kijiji kimoja kilichopakana na pori la miyombo aliishi mama aitwaye Kalunde na mumewe, Mihambo. Mihambo alikuwa mrina asali. Kila msimu alikaa porini wiki tatu akihangaika na mizinga yake ya magome juu ya miti, na aliporudi alinuka moshi hata baada ya kuoga mara mbili.

Kuchuja asali ilikuwa kazi ya Kalunde. Masega meupe na safi aliyatenga kwenye kitambaa, akaiacha asali idondoke yenyewe polepole. Hiyo ilikuwa angavu, yenye harufu ya maua, na aliitia kwenye ndoo yenye mfuniko na kuiweka chumbani juu ya kabati. Masega yaliyobaki aliyaminya kwa mikono. Ikatoka asali nyeusi yenye vipande vya nta, na hiyo ndiyo iliyoliwa nyumbani.

Ya ndoo ilikuwa ya wageni. Mchungaji akija, inashushwa. Mwalimu mkuu akipita, inashushwa. Kijiji kizima kilijua kwamba kwa Mama Nyamizi, kama walivyomwita Kalunde kwa jina la binti yake, hutoki bila kulamba vidole, na sifa hiyo ilimfurahisha sana Kalunde. Mihambo hakuwahi kuiulizia. Ilipita miaka thelathini na moja hivyo.

Mwaka mmoja Mihambo aliugua homa kali. Zahanati walimtibu na homa ikaondoka, lakini hamu ya kula haikurudi. Ugali aliumega mara moja akausogeza. Supu aliinusa, akasema atakunywa baadaye. Wiki ya pili ilibidi atoboe tundu jipya kwenye mkanda wa suruali. Mganga wa zahanati alimweleza Kalunde kwamba dawa imemaliza kazi yake, kilichobaki sasa ni chakula, na mzee asipokula hatasimama tena.

Siku hizohizo ukaja ujumbe. Binti yao wa pekee, Nyamizi, alikuwa ameposwa, na wazazi wa mchumba wake wangefika Jumamosi kujitambulisha. Kalunde alifurahi, kisha akaingiwa na wasiwasi. Msimu ule mumewe hakwenda porini, na kwenye ndoo ilibaki robo tu.

Nyamizi alikuwa amerudi nyumbani kumuuguza baba yake. Aliwahi kufanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wageni mjini, hivyo alijua mapishi mengi. Akamshauri mama yake wajaribu kumpikia baba kwa asali. Kalunde alikoroga uji kwa ile asali nyeusi. Mihambo akanywa vijiko viwili, akashukuru, akaweka kikombe chini. Binti akaitazama ndoo juu ya kabati.

"Hiyo usiiguse," Kalunde alisema. "Wakwe zako watakula nini?"

"Watakula tutakachokula sisi, mama," Nyamizi alijibu kwa upole, akaenda zake kuosha vyombo.

Alhamisi asubuhi Kalunde aliingia chumbani kuangalia kama asali ingetosha. Kupitia dirishani alimwona mumewe ameketi kibarazani akifunga kamba za viatu. Alifunga kiatu kimoja, akapumzika, akashindwa kuendelea na cha pili. Kalunde aligeukia kabati. Kisha akaishusha ndoo.

Asali ilikuwa imeganda kama samli. Alidhani imeharibika, lakini Nyamizi alimwambia asali halisi ndivyo ilivyo. Wakachota bakuli moja, wakaliweka ndani ya sufuria ya maji ya uvuguvugu, mbali na moto, maana moto ungeiua harufu. Taratibu asali ikalainika.

Siku hiyo walipika kwa raha. Kuku alilowekwa kwenye ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, akabanikwa juu ya mkaa. Alipokaribia kuiva ndipo Nyamizi akampaka asali, kwa sababu ikipakwa mapema inaungua na kuwa chungu. Viazi vitamu vilichomwa kwenye majivu, vikapasuliwa vingali moto, vikatiwa samli, asali na chumvi kidogo. Uji wa ulezi uliepuliwa kwanza, ukapoa kiasi, ndipo ukatiwa asali na ndimu.

Harufu ilimfikia Mihambo kibarazani. Akaja mwenyewe, bila kuitwa. Alikula kiazi kimoja, akaongeza cha pili, akavuta bawa la kuku akalimaliza mpaka kwenye mfupa. Kalunde alimsogezea sahani polepole, asije akamkatiza.

Mwishowe Mihambo akainua uso. "Wageni wameshafika?"

"Hawajafika. Ni sisi tu."

"Lakini hii ni ile ya ndoo."

"Ndiyo, ni ile."

Kalunde aliona aibu. Akamuuliza kwa nini miaka yote hiyo hakuomba hata kijiko kimoja cha asali aliyoirina kwa mikono yake mwenyewe.

Mihambo alipangusa vidole. "Nilidhani unaila wewe nikiwa porini," alisema. "Nyuki wakinishambulia kule juu, nilikuwa najiambia si kitu, mwenzangu nyumbani anakula kitu kizuri. Napata nguvu, napanda mti mwingine."

Kwa miaka thelathini na moja Kalunde alikuwa akiichuja asali ile, akiifunika na kuwagawia watu, na yeye mwenyewe hakuwahi kukaa chini akaila. Alipomwambia hivyo, Mihambo alicheka mpaka akakohoa, na alipomaliza kucheka macho yake yalikuwa na machozi.

Akachukua kiazi, akakichovya kwenye asali, akamlisha mkewe mbele ya binti yao. Wanaume wa rika lake hawakuwa na desturi hiyo. Kalunde alifumba macho, akatafuna, akafungua mdomo tena kama mtoto.

Jumamosi wakwe walifika. Hakukuwa na ndoo ya kujivunia, ila bakuli dogo katikati ya mkeka, na wenyeji na wageni wakala pamoja. Mama mkwe alimsifu kuku yule, akauliza amepakwa nini. Kalunde alitaka kueleza, lakini mdomo wake ulikuwa umejaa, akamnyooshea mumewe kidole ili ajibu yeye.

Funzo: Usimtunzie mgeni kitu kizuri ambacho wa nyumbani kwako hajakionja, na unapowagawia wote, kumbuka na wewe ni wa nyumba hiyo.