Yai la Kishingo na Jani la Kangaga

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na moto, na chungu, na masikio ya kusikia.

Basi yasogezeni hayo masikio, yasije yakapoa.

Hapo zamani, kuku walipokuwa bado wanasema na watu, na watu walipokuwa bado wanawajibu, kulikuwa na mama mmoja aliyeishi juu mlimani, mahali ambapo ukungu huingia ndani bila kubisha hodi. Alikuwa na watoto watatu. Wa kwanza ni Manka, msichana mrefu mwenye mikono mitulivu. Wa pili ni Ndelilio, mvulana mwenye maneno mengi. Wa tatu ni Aikande, na hadithi hii ni ya Aikande.

Tena palikuwa na kuku aliyeitwa Kishingo, kwa kuwa shingo yake haikuwa na unyoya hata mmoja. Kishingo alilalia mayai kumi. Kicheche akaja, akala matatu. Akaja tena, akala matatu. Akaja mara ya tatu, akala matatu. Likabaki moja. Mama akalichora lile moja msalaba mdogo kwa mkaa, maana kuku wengine walikuwa na tabia ya kutaga katika tenga la mwenzao akitoka kunywa maji. Kisha tenga akalihamishia ndani, nyuma ya mlango wa jikoni. Kishingo akakaa juu ya yai lake siku moja, siku mbili, siku kumi, mpaka ishirini.

Siku ya ishirini ikaangukia Jumamosi ya kuamkia Pasaka.

Katika nyumba ile, siku hiyo ilikuwa siku ya mayai. Mtoto alichukua yai bichi, akalilaza jani juu yake, akalifunga kwa utepe wa khanga kuukuu, akakaza uzi mpaka vidole vikauma. Lilichemshwa na maganda ya vitunguu, na lilipofunguliwa lilikuwa na rangi ya udongo uliokwisha kunyeshewa, na katikati yake jani limebaki jeupe, mshipa kwa mshipa. Asubuhi ya Pasaka mayai yalipelekwa kwa bibi, naye akayapanga dirishani wiki nzima, watu wakipita wayaone.

Miaka yote Aikande alikuwa wa kushika uzi tu. Mwaka huu mama alimwambia kwamba sasa naye atafunga la kwake. Kwa siku tatu Aikande hakuota kitu kingine.

Basi akatumwa tengani. Mama akamwambia achukue yasiyo na alama, lenye mkaa aliache. Aikande akakuta Kishingo ametoka na mayai manne yamelala kwenye majani makavu, yana tope la masika lililoletwa na miguu ya kuku. Akayaonea huruma. Akachovya kitambaa kwenye maji, akapangusa la kwanza, akapangusa la pili, akapangusa la tatu, akapangusa na la nne. Yakang'aa yote. Hapo ndipo alipokumbuka mkaa.

Akayatazama. Mayai yakamtazama. Hakuna lililosema.

Akaacha moja kwa kubahatisha, akachukua matatu, akaenda zake. Mimi simlaumu. Ninyi pia mngebahatisha.

Wakafunga mayai. Manka alitumia jani la giligilani. Ndelilio alitumia jani la karafuu maji, kijimea cha mabondeni, alilolitafuta toka asubuhi mpaka viatu vikajaa matope. Aikande alitumia kangaga, jani lile lenye meno mengi kama kitana, akalilaza taratibu, akafunga, akakaza. Mayai yakawekwa kwenye ungo yakisubiri maji yaanze kuimba. Na jani likishafungwa halifunguliwi, maana likisogea kidogo tu, picha hutoka madoa.

Kuni zilikuwa mbichi. Ndelilio akapuliza, moto ukakataa. Moshi ukatanda, ukachanganyika na ukungu, jikoni kukawa kama ndani ya wingu. Humo winguni Kishingo akarudi, akapanda tengani, akashuka. Akaimba:

"Mkono mdogo, kitambaa cha maji,
langu lilikuwa na alama.
Alama yangu umeipeleka wapi?"

Wengine walisikia kuku analia tu. Aikande alisikia maneno. Akainamisha kichwa, akaomba kuni zisiwake.

Ndelilio akapuliza mara ya pili. Moto ukashika kidogo, ukafa. Kishingo akazunguka mafiga, akasimama mbele ya ungo, akaimba:

"Mkono mdogo, kitambaa cha maji,
langu lilikuwa na alama.
Alama yangu umeipeleka wapi?"

Aikande akamwambia kimoyomoyo kwamba yai lake lipo tengani, pengine. Kuku akamjibu, naye kimoyomoyo, kwamba lililopo tengani ni baridi, halina mtu ndani.

Ndelilio akapuliza mara ya tatu. Moto ukashika, ukapanda, maji yakaanza kuimba. Kishingo hakuimba tena. Alisimama na shingo yake tupu, akangoja.

Mama akainua ungo.

"Mama, usitie," Aikande akasema.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Mojawapo ni la Kishingo. Nilifuta mkaa. Sijui ni lipi."

Mama akashusha ungo, maji yakiendelea kuimba.

"Ulijua tangu saa ngapi?" mama akauliza.

"Tangu nilipolifuta."

"Fundi wetu huyo," Ndelilio akasema. "Mwaka wa kwanza tu, na keshatupikia kifaranga."

Aikande akalia bila sauti. Alijua kinachofuata. Tepe zote zitafunguliwa, na majani yote yataharibika kwa ajili yake. Akangoja Manka aseme neno, maana Manka alikuwa ameanza kufunga lake kabla ya wote.

Manka alisogea kwenye ungo. Alichukua yai lake, akang'ata uzi, akafungua. Jani la giligilani likachanika vipande viwili. Ndelilio alipoona hivyo akatikisa kichwa, akafungua na lake.

Mama akatia maji ya vuguvugu kwenye bakuli. Akaweka yai la Manka, likazama, likalala. Akaweka la Ndelilio, likazama, likalala. Akafungua la Aikande. Jani la kangaga lilikuwa limenata. Akaliweka majini pamoja na jani lake, nalo halikuzama. Likaelea. Likatulia. Kisha likatikisika, kama mtu anayegeuka usingizini.

"Yupo," mama akasema.

Akalikausha kwa khanga yake, jani hakulibandua, akalirudisha tengani. Kishingo akapanda juu yake, akafumba macho.

Lile lililoachwa tengani akapewa Aikande. Lakini kangaga nyingine haikuwepo karibu, na mvua ilikuwa imeanza tena. Manka na Ndelilio wakafunga upya majani yao yaliyochanika. La Aikande likachemshwa tupu.

Asubuhi ya Pasaka, ibada ilipokwisha, bibi hakungoja kuletewa, akaja mwenyewe. Akapewa la Manka, lina madoa. Akapewa la Ndelilio, lina madoa zaidi. Akapewa la Aikande, halina kitu.

"Na picha yako, mjukuu wangu?"

"Imebaki chini ya kuku, bibi."

Ndelilio akacheka, na bibi akataka kucheka pia. Mara mlango wa jikoni ukasogea, na Kishingo akatoka polepole, kama mtu anayetoka kanisani. Nyuma yake akatoka kifaranga mmoja, wa manjano. Na mgongoni mwake, toka kichwani mpaka mkiani, alikuwa na jani la kangaga la rangi ya udongo, mshipa kwa mshipa.

Bibi akachuchumaa, akatazama kwa muda mrefu. Akasema kwamba hilo la Aikande haliwezi kupangwa dirishani, kwa sababu litashuka lenyewe.

Tangu siku hiyo, ukimwona kifaranga mwenye michirizi mgongoni, mwulize mama yake. Atakwambia babu yao alifungwa jani na mtoto aliyesema kabla maji hayajachemka.

Fundisho ni hilo: ukikosea, sema maji yangali yanaimba. Yakishatokota, hata ukweli hauokoi yai.

Na yale mayai mengine matatu, mnauliza? Nilipita siku hiyo, nikakuta chumvi mezani. Msiniulize zaidi.

Ngano imeingia majivuni. Atakayeamka kwanza kesho aichokoe.