Shufaa Aliyeomba Mchanga Jangwani

Paukwa!

—Pakawa!

Palikuwa na nini?

—Palikuwa na mchanga!

Na nyuma ya mchanga?

—Mchanga!

Na nyuma ya huo?

—Mchanga tena! Hebu tuambie!

Haya. Wewe wa nyuma, zima hiyo simu, acha kuskroli. Hakuna kazi humo, nimeshatafuta mimi. Kaeni vizuri.

Hapo zamani, zamani ambazo hata babu wa babu yangu alizisikia kwa watu, mjini Siu alikuwako mwanamke fundi wa makubadhi, jina lake Shufaa binti Shee. Ngozi ikiingia mikononi mwake ilitoka kiatu. Kusoma hakujua. Aliyejua kusoma ni mdogo wake, Twalibu.

Na alisoma, wallahi! Alisoma sarufi, akasoma falaki, akasoma mirathi. Alisoma hadi vitabu vikamwonea huruma. Alipomaliza akaomba kazi ya ukadhi. Wakamwambia, "Tunataka mwenye uzoefu wa miaka kumi."

Chekeni, chekeni tu. Mnadhani jambo hilo lilianza jana?

Twalibu akakasirika. Akafunga vitabu vyake kwa kamba, akasema, "Nakwenda Arabuni. Huko wanajua thamani ya mtu." Akaenda.

Mwaka wa kwanza, kimya. Mwaka wa pili, kimya. Mwaka wa tatu mama yao akamwita Shufaa, akamwambia neno moja tu:

"Mlete."

Shufaa akachukua sindano, uzi, kiriba cha maji na tende. Bahari aliivuka, lakini ngano yetu si ya bahari. Tuiache huko huko na chumvi yake.

Akafika Hadharamauti. Akaona nyumba za udongo ndefu kuliko minazi, zimesimama bondeni bega kwa bega. Akatembea siku nyingi chini ya majabali mpaka mji wa Nabii Hud. Akaona misikiti. Akaona ngazi nyeupe zinapanda mlimani hadi kwenye kaburi. Akaona nyumba mia, milango imefungwa. Hakuna mtu. Hakuna mbuzi. Hakuna moshi.

Mzee mmoja tu alikuwa akifagia.

"Baba, watu wa mji huu wamekufa wote?"

"Hawajafa, binti. Hawajafika."

"Wamekwenda wapi?"

"Kila mmoja yuko kwao. Nyumba hizi wamezijenga kwa ajili ya siku chache za ziara, mara moja kwa mwaka. Siku nyingine zote mji ni wa Nabii Hud peke yake."

Shufaa akageuka kuzitazama zile nyumba. Mji mzima, jamani! Mawe, chokaa, mbao, jasho la watu, ili mtu mmoja aliyelala asikose wageni. Akavua makubadhi yake, akayashika mkononi, akatembea taratibu kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyesinzia. Kisha akauliza, "Je, alipita hapa kijana mrefu, mwembamba, ana vitabu, mdomo hautulii?"

"Alipita! Tulikuwa tunasoma dua, akatusahihisha irabu."

"Huyo huyo," akasema Shufaa.

Akatembea. Mchanga. Mchanga. Mchanga.

Akafika kwenye majabali ya watu wa Thamudi. Milango imechongwa ndani ya mwamba, mirefu, ina nguzo na ngazi na ndege wa mawe juu yake, na ndani ya mlango hakuna nyumba, kuna giza la makaburi. Waliochonga walikuwa na nguvu za kukata mlima kama mtu anavyokata jibini. Wako wapi? Upepo ukaingia mlango huu, ukatokea mlango ule. Wasafiri walipita haraka, vichwa chini, machozi yanawatoka, maana ndivyo walivyofundishwa kupapita. Shufaa naye akalia, hakujua anamlilia nani. Alipovuka akamuuliza mwenye ngamia, "Alipita kijana mrefu, mwembamba, ana vitabu, mdomo hautulii?"

"Alipita. Sote tulilia. Yeye alikuwa anapima milango kwa shibiri, anasema mmoja umekwenda upande."

"Huyo huyo."

Akatembea. Mchanga. Mchanga. Mchanga.

Akafika chini ya mlima wa Nabii Musa. Pale pana ngome ya watawa, kuta nene kuliko urefu wa mtu. Ndani ya ukuta mmoja mna kanisa na mna msikiti mdogo. Kengele iko hapa, mnara uko pale, hatua chache kati yao. Penye mawe matupu kichaka kimeota, kibichi, kinameta. Watawa husema ni chenyewe kile, kilichowaka moto kisiungue. Shufaa akakisogelea, akaurudisha mkono wake nyuma. Nani angekigusa? Wewe ungekigusa? Basi nyamaza.

Akamuuliza mtawa mwenye ndevu hadi kifuani. "Alipita kijana mrefu, mwembamba, ana vitabu, mdomo hautulii?"

"Alipita. Alitaka tumwandike katika kitabu cha wageni mashuhuri. Tukamwambia hatuna kitabu hicho. Basi akatuomba patasi."

"Mkampa?"

"Tulidhani ana mlango wa kutengeneza."

Shufaa akashika kichwa. "Yarabi. Alielekea wapi?"

Mtawa akanyoosha kidole upande wa macheo ya jua.

Siku ya kumi akaliona bonde jekundu, jekundu kama tofali linalotoka tanuuni, na katikati ya bonde Mwamba wa Sala. Watu walimwomba Mungu pale kabla dini hazijapata majina. Mwamba ulipanda, ukapanda, shingo ya Shufaa ikauma na mwisho hakuuona. Hapakuwa na sauti. Ngamia mwenyewe alikanyaga polepole.

Na katikati ya uso wa mwamba, mahali papana kama kitanda, pameparuzwa herufi nyeupe, mbichi. Shufaa hakujua kusoma, lakini moyo ulimwambia zinasema nini.

Mlinzi wa Mwamba alikuwa Sheikh Dhaifallah, na hema lake jeusi lilikuwa mbele ya Mwamba huo. "Ahlan wa sahlan!" akasema sheikh. Hakumuuliza jina. Hakumuuliza shida. Kule mgeni haulizwi kitu mpaka siku tatu zipite. Sio kama huku kwetu, hujaketi umeshaulizwa sivii na cheti cha polisi.

Kahawa ikakaangwa. Ikatwangwa, kinu kikilia kama ngoma. Akaja mmiminaji wa kahawa, dele la shaba mkononi, mwembamba, jua limemchoma hadi masikio. Akainama, akamwona mgeni. Kahawa ikamwagika mkekani.

Alikuwa Twalibu.

Dada mtu akameza mate. Mdogo mtu akameza mate. Mmiminaji haruhusiwi kuzungumza na wageni. Akajaza kikombe, kidogo kama nusu ya ganda la yai, akampa.

Sasa sikilizeni vizuri. Shufaa akakipokea kikombe, akakiweka chini.

Kwa nini? Kwa sababu ni mtu wa Siu! Kwao kahawa chungu hainywewi kwa ulimi mtupu. Kwanza kije kisahani cha kashata. Shufaa alikuwa anangoja kashata.

Kinu kikanyamaza. Sheikh akaweka chini kikombe chake mwenyewe.

"Kunywa, binti."

"Nitakunywa, baba. Nangoja."

"Wangoja nini?"

Mdomo wake ulikuwa wazi kabisa! Neno *kashata* limesimama kwenye ncha ya ulimi! Ndipo Twalibu akainama kama anayepangusa mkeka, akanong'ona Kiswahili haraka haraka kwa sauti ya mtu anayesoma dua:

"Dada usikiguse kikombe! Hapa mgeni akikiweka chini bila kunywa, ana haja. Mwenyeji hawezi kunywa, hawezi kulala, hana heshima mpaka amtimizie. Mimi sikujua. Nilikunywa vikombe saba ndipo nikaomba waniachie, wakanicheka. Niombe mimi, dada! Niombe mimi!"

Shufaa akafunga mdomo. Kashata ikarudi ilikotoka.

"Haja yako imekubaliwa kabla sijaisikia," akasema Sheikh Dhaifallah. "Lakini nina macho. Huyu hajawahi kumwaga kahawa mpaka leo. Ni nduguyo?"

"Ni mdogo wangu, baba."

"Basi jua alichofanya. Tulimkaribisha, akala, akashiba. Tuliporudi kutoka malishoni tukakuta ameuchora Mwamba. Ameandika: *Hapa alifika Mwanazuoni, Bahari ya Elimu, Twalibu bin Shee wa Siu.* Wamepita pale watu tangu dunia changa, hakuna aliyethubutu. Nikaapa mbele ya ukoo wangu: haondoki huyu mpaka mchanga ulifute jina lake."

"Mchanga utachukua muda gani, baba?"

"Upepo ukiwa mkali, miaka mia tatu."

Twalibu akatoa sauti kama mbuzi.

"Ukiniomba nikivunje kiapo," akasema sheikh, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo, "nitakivunja, maana umeweka kikombe chini. Lakini mtu akishavunja kiapo, nani atamsikiliza akisema, Usiguse Mwamba? Utaondoka na nduguyo, na Mwamba utabaki bila mlinzi. Kesho atakuja mwingine na patasi."

Shufaa akautazama Mwamba kupitia mlango wa hema. Akamtazama mdogo wake. Akamtazama mzee. Mama yake amemwambia *mlete*. Na ule ukimya wa bondeni, je? Auuze?

Akasema, "Naomba mchanga."

"Mchanga?"

"Mchanga ulio chini ya Mwamba. Niuchote kadiri nitakavyo, niufanyie nitakalo."

Hema zima likavuta pumzi. Mchanga ule hakuna aliyewahi kuuchota hata kwa vidole viwili.

Twalibu akasahau kuwa haruhusiwi kusema. "Dada! Umerogwa? Jangwa zima hili na unaomba mchanga?"

"Nyamaza wewe, Bahari ya Elimu. Bahari nzima, na hukujua kushika kikombe."

Sheikh akamkazia macho yule mwanamke. Kwanza macho yakakunjamana. Kisha ndevu zikaanza kutikisika. Kisha akacheka hadi akajipigapiga mapaja.

"Niliapa mchanga ulifute! Sikuapa nani aushike! Ya bint, umeniachia kiapo changu na umeniachia Mwamba wangu. Chota. Chota hadi uchoke. Sasa kunywa!"

Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Shufaa akanywa. Ilikuwa chungu, akakunja uso mpaka pua ikapotea. Akajaziwa. Akanywa. Akajaziwa. Akanywa. Cha sita Twalibu akanong'ona, "Kitikise kikombe, dada, ndiyo alama ya kutosha!"

"Si ungesema mapema, mshenzi wewe!"

Asubuhi wakaenda Mwambani, sheikh nyuma yao. Shufaa akachota mchanga, akautia kwenye kipande cha ngozi, akampa mdogo wake.

"Sugua."

"Mimi?"

"Kwani niliandika mimi?"

Siku ya kwanza akasugua *wa Siu*, akasugua *bin Shee*. Viganja vikachubuka. Siku ya pili akasugua *Twalibu*, damu ikatoka. Siku ya tatu akaketi.

"Dada, imekwisha."

"Naona maandishi pale."

"Hayo si jina. Hicho ni cheo. Kiapo kilisema jina."

Mnaona? Mnaona watu wetu? Mtu ameshalifuta jina la baba yake, amelifuta lake, cheo anakikumbatia!

Shufaa hakupiga kelele. "Basi kaa nacho," akasema. "Mama alinituma Twalibu. Hakunituma Bahari. Sina ngamia wa kubebea bahari."

Twalibu akainama, akalia. Akainuka, akasugua. Mchanga wa juu ulikuwa umekwisha, Shufaa akachimba chini zaidi, pale pale miguuni pa Mwamba. Akachota. Akachota. Mkono wake ukagusa jiwe.

Jiwe lilikuwa na shimo, laini kama ndani ya bakuli. Akapangusa. Pembeni yake shimo la pili.

"Baba, njoo uone."

Sheikh Dhaifallah, aliyeulinda Mwamba miaka arubaini asiguse mchanga wake, akachuchumaa. Hakuwahi kuyaona. Akatia kiganja ndani ya shimo moja, akakiacha humo.

"Magoti," akasema.

Magoti, jamaa zangu. Watu walipiga magoti pale pale, mmoja baada ya mwingine, mpaka jiwe likachoka likabonyea. Fikirieni ni watu wangapi. Fikirieni ni miaka mingapi, goti kulila jiwe. Na hakuna hata mmoja aliyeacha jina.

Twalibu aliyatazama yale mashimo muda mrefu. Kisha akaugeukia Mwamba, akasugua herufi zilizobaki, haraka, kwa mchanga na damu, hakuna aliyemwambia. *Bahari* ikaondoka. *Elimu* ikaondoka. *Mwanazuoni* ikaondoka. Akaitupa ile ngozi.

Akapiga magoti. Yakaingia, kulia na kushoto, kama yamepimwa.

Ngamia alikuwa tayari. Maji yalikuwa tayari. Mama alikuwa anangoja ng'ambo ya jangwa na bahari. Shufaa akafungua mdomo amwite, sheikh akamshika bega: "Mwache."

Akamwacha. Aliyetembea kote huko kumfuata aliketi mchangani, akamngoja.

—Walirudi Siu?

Walirudi. Mama akamshika mwanawe uso kwa mikono miwili, hakuuachia. Mji mzima ukajaa uani. "Haya, msomi wetu, tuambie! Arabuni umeona nini?"

Twalibu akafungua mdomo, yule ambaye mdomo wake haukutulia. Akaufunga.

"Muulizeni dada," akasema.

Ngano imefika, ngamia wake amepiga magoti. Tamu yake ibebeni mwende nayo kwenu. Chungu yake niachieni mimi, nimezoea.