Zimwi Lililodai Mvua Yake

Sogeeni, niwape ngano; mkiichoka, itupeni jalalani.

Mwachiro mchoma mkaa aliokota shoka la zimwi, linaloangusha mti kwa pigo moja. Akaangusha migunga, umande ukapotea. Akaangusha mikuyu, mto ukakauka. Akaangusha mivule, mvua ikahama.

Zimwi likaja. "Nani kala mvua yangu?"

Sote tukamnyooshea Mwachiro kidole.

Likatoa kibuyu cha maji. "Naweni. Mwenye hatia hatatakata."

Mwachiro akanawa, mikono ikabaki myeusi. Tukanawa sisi majirani, ikabaki myeusi.

"Sisi tulipika tu," akalia shangazi yangu Mbodze.

"Mlipika kwa mkaa wa nani?" likauliza zimwi.

Ngano imeisha. Msiniulize kwa nini nasimulia nikiwa nimefumba viganja.