Boliti Nne za Bwana Najua

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo: ndivyo wahenga walivyomwonya mtu asimvunjie heshima yule ambaye bado ataihitaji mikono yake. Bwana mmoja, aliyebandikwa na majirani jina la Najua, aliikariri methali hii tangu shuleni. Bahati mbaya aliijua kwa mdomo tu.

Mama yake, aliyeishi naye, alikuwa ameanza kushindwa kujizuia kitandani. Shuka zake zilifuliwa kila siku na kuanikwa ndani ili watu wasijue, hadi mikono ya mke wa Najua ikachubuka. Ndipo Najua akajikaza, akanunua mashine mbili zinazokula umeme kidogo, ya kufulia na ya kukaushia, za kupandishwa moja juu ya nyingine.

"Mama, sasa siri yako haitatoka humu ndani," alimwahidi.

Siku mashine zilipoletwa, shemeji yake wa kike, mdogo wa mkewe, alifika na sanduku la spana. Alikuwa fundi wa vyombo vya umeme. Najua alimzuia mlangoni mbele ya wapakuzi.

"Shemeji, nenda jikoni ukamsaidie dada yako. Mashine hazifungwi na watu wa kucha ndefu."

Wapakuzi wakaangua kicheko. Fundi alizitazama kucha zake, fupi na zenye grisi.

"Haya, shemeji. Ila soma kijitabu kwanza," alisema, akaondoka.

Kijitabu Najua alikisokomeza chini ya mguu wa mashine uliopwaya. Nyuma ya mashine ya kufulia aliona boliti nne kubwa, akazikaza mpaka jasho likamtoka.

"Hawa waliotengeneza hawakukaza vizuri," alijigamba.

Mkewe alitia shuka mbili, nyingine akaziacha kwenye beseni. Mashine ilipoanza kukamua, ilirukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Ikachomoa mpira wa maji na kulipiga kumbo beseni. Najua aliegemeza bega kwenye mashine ya juu isimwangukie mtu, na mkewe akakimbilia swichi na bomba. Maji yalikuwa yameshazibeba shuka hadi mlango wa mbele, walikokusanyika majirani walioshtuliwa na kishindo. Harufu ilisema yote.

"Kumbe mna mtoto mchanga?" jirani mmoja aliuliza, akiziba pua.

Mama yake Najua akatokea chumbani, ameshika ukuta.

"Ni zangu mimi," alisema. "Mwanangu hana kosa."

Maneno hayo ya mwisho yalimchoma Najua kuliko yote. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Ikabidi mkewe ampigie simu mdogo wake. Fundi alipofika hakuigusa mashine. Aliziokota shuka kwanza, akamshika mama mkono na kumrudisha chumbani. Kisha akazifungua zile boliti nne na kuziweka kiganjani mwa Najua.

"Hizi huzuia ngoma ya ndani inayozungusha nguo isitikisike safarini, shemeji. Mashine ikifika nyumbani, hutolewa. Imeandikwa ukurasa wa kwanza."

"Nisamehe, shemeji," Najua alisema, macho yakiwa sakafuni.

"Mimi nimeshazoea. Kaombe kule," alijibu, akionyesha mlango wa mama.

Najua alisimama nje ya mlango huo, boliti mkononi, akiona aibu hata kubisha. Nyuma yake mashine ilizunguka bila kelele, na fundi alikuwa akipiga deki maji ya mlangoni. Kweli, usitukane wakunga na uzazi ungalipo.