Jani Moja la Isale

Hapo zamani, zile za juzijuzi tu, miti ilipoanza kuzungushiwa uzio na watu kulipa kiingilio waende kuisalimia, aliishi mjini mama mmoja wa Kichagga, jina lake Aikande. Kwenye matanga ya mama yao alimtukana dada yake, Manka, mbele ya waombolezaji. Miaka tisa hawakusemezana. Sasa Manka alikuwa mgonjwa, siku hiyo anarudishwa kwao mlimani kwa basi la saa sita mchana, na Aikande alijua hawataonana tena. Moyo ulimuuma.

Kwao radhi haiombwi kwa maneno matupu. Unakwenda na jani bichi la isale, na anayelipokea hana budi kusamehe. Lakini mjini isale utaipata wapi? Ilikuwapo mahali pamoja tu, kwenye bustani ya mimea na mila, ndani ya kijumba cha waya chenye kibao: “Isale, mmea wa msamaha. Usiguse.”

Aikande akalipa, akaingia. Mmea wenyewe ulikuwa hoi, majani yote ya njano isipokuwa moja. Akapenyeza mkono, akalichuma.

“Mama! Hukuona kibao?” Alikuwa mlinzi, Ndekirwa, naye mtoto wa mlimani.

Aikande akababaika. Akafanya ambalo Mchagga yeyote angefanya: akamnyooshea lile jani kwa mikono miwili. “Nisamehe, mwanangu.”

Ndekirwa akalipokea kabla hajafikiri. Basi, ameshasamehe! Akabaki amelishika, hajui alipeleke wapi.

Mara akatokea mkuu wa bustani, Daktari Masunga, na msafara wa wageni. “Ndekirwa! Kumbe wewe ndiye unayekwanyua mimea?”

Kosa hilo ni la kufukuzwa kazi. Ndekirwa naye akainama, akanyoosha jani. “Nisamehe, mkuu.”

Masunga hakuwa Mchagga, lakini kibao kile alikiandika yeye. Wageni wameshakisoma, kamera ziko juu. Afanyeje? Akalipokea, akasamehe, meno yote nje. Wageni wakapiga makofi wakidhani ni onyesho.

Saa ikawa tano na nusu.

“Baba,” Aikande akamwambia Masunga, “nirudishie jani langu. Nyie mmesameheana makosa ya dakika moja. Langu ni la miaka tisa, na mwenyewe anapanda basi sasa hivi!”

“Kama ni kurudisha, mkuu, rudisha kwangu,” akadakia Ndekirwa. “Mama alishanipa, na kilichotolewa hakirudishwi. Mmea huu naumwagilia mwaka wa pili. Baba yangu kule nyumbani hataki hata kusikia jina langu, na bado sikuthubutu kuuchuma. Leo jani limekuja lenyewe mkononi.”

“Hamna haya nyinyi,” akasema Masunga. “Mmea nimeupanda mimi, na jani nimepewa mbele ya mashahidi. Litawekwa kwenye kioo, watu waje wajifunze kusameheana.”

Wakaanza kugombana pale pale, watu watatu waliokwisha kusameheana, na jani katikati yao linasinyaa kwa kushikwashikwa. Aikande akalia waziwazi, na wageni wakampiga picha.

Haya, wenzangu, nyinyi hodari wa kuamua kesi za watu, msinitazame mimi. Amueni upesi, maana jani likikauka halifai kitu: je, ni nani aliyestahili kuondoka nalo?