Kitanda Alichokiacha Mpishi

Wapendwa, palikuwa na mzee mmoja aliyekuwa mpishi wa shule ya bweni, huko kwenye miji ya baridi ambako ukungu wa asubuhi hukataa kuondoka. Ujana wake wote uliishia jikoni. Watoto wa watu walikula wakashiba, naye akaketi wa mwisho, akakwangua ukoko wa sufuria, akasema, "Huu unanitosha." Mnawajua watu wa namna hiyo? Ukimwekea kipande cha nyama kwenye sahani, ukigeuza uso tu, amekirudisha kwenye bakuli.

Akastaafu. Mkewe akatangulia mbele ya haki. Watoto walikuwa mbali, kila mmoja na yake, naye hakupenda kuwapigia simu. Alisema mtoto akiona namba ya baba yake, moyo humpasuka kwa hofu. Basi nyumba ile ikabaki na sauti moja tu, nayo ilikuwa ya redio.

Kisha figo zikachoka. Daktari wa hospitali ya serikali akamweleza polepole: "Mzee wangu, figo zako haziwezi tena kusafisha damu. Mashine itakufanyia kazi hiyo. Utakuja kila wiki, na utakuja maisha yako yote. Lakini usihofu, wazee mnatibiwa bure."

Akaanza kwenda. Kwenye kitanda cha jirani alilala mwanamke kijana, fundi cherehani, jina lake Subilaga. Naye figo zilimkimbia mapema, akaombewa msamaha wa gharama, akapewa. Damu ilipokuwa ikizunguka kwenye mipira, wao walipiga soga. Mzee alimfundisha kupika maharage yakaiva laini kama siagi, ingawa wote wawili walikwishakatazwa kuyala. Subilaga alimsimulia habari za wateja wanaoleta kitambaa Jumamosi jioni na kutaka gauni la kuvaa kanisani asubuhi. Alimwita babu. Na mzee akirudi nyumbani, neno hilo lilimtosha mpaka safari nyingine ya hospitali.

Siku moja wakaja wageni kuitembelea wodi. Subilaga alikuwa amesinzia. Muuguzi akawaonyesha mashine kwa fahari, na alikuwa na haki ya kujivuna. Akasema, "Hizi zinaokoa watu. Ila ni ghali mno. Vichujio hivi vinatoka ng'ambo, na hawa wote serikali ndiyo inayowabeba." Mgeni mmoja, mtu mwema tu, akamtazama yule mzee, akauliza kwa sauti ya chini, "Na huyu babu ana miaka mingapi?"

Basi. Hakusema zaidi ya hapo. Lakini mzee alisikia. Akaitazama damu yake ikienda na kurudi, na kwa mara ya kwanza akaona haya kuwa nayo.

Walipochomolewa mipira, akamwambia Subilaga, "Mjukuu wangu, mtu mstaarabu hujua wakati wa kuinuka mezani. Mimi nimekwisha kula. Nawaachia wenye njaa." Subilaga akadhani ni maneno ya uchovu. Lakini wiki iliyofuata mzee hakuja. Wala ile nyingine.

Alikaa nyumbani. Miguu ikaanza kuvimba, viatu vikamkataa. Kupanda ngazi mbili za barazani kwake kukawa kama kupanda mlima. Simu ya hospitali ilipolia, aliifunika kwa mto kama mtu anayemfunika mtoto asilie. Alijiambia yuko radhi. Lakini jioni, wapendwa, alipokaa kwenye kiti chake na redio ikakatika, aligundua kwamba ametega sikio mlangoni. Alikuwa akisubiri mtu. Nani? Hakujua. Mtu yeyote wa kuja kumwambia, "Wewe, hebu acha upuuzi."

Na mtu akaja. Akaja mzee wa kanisa, kumletea salamu za usharika. Akamwona alivyovimba, akauliza, "Hospitali huendi siku hizi?"

"Nimewaachia vijana," akajibu mzee. "Ile ni mali ya umma. Mimi ni wa kuitafuna bure?"

Hapo akangoja. Angalau abishiwe kidogo! Lakini yule mgeni akatikisa kichwa kwa heshima, akasema, "Ndugu yangu, una moyo. Wangapi wangeweza? Siku zote nasema, wewe si mtu wa kusumbua watu." Wakaomba pamoja, sala nzuri, ndefu. Mgeni akaaga.

Mzee akabaki amesimama mlangoni, amesifiwa, na peke yake kuliko alivyokuwa kabla hajagongewa.

Aliyekuja baada ya hapo alikuwa yule muuguzi. Hakuja na sifa. Alisimama ukumbini huku anahema kwa kutembea, akasema, "Babu, kitanda chako kimekaa kitupu. Hakuna aliyekuja kuchukua nafasi yako, kama ndivyo ulivyodhani. Mashine imefunikwa kitambaa. Na sasa hata Subilaga haji."

"Subilaga? Amefanyaje?"

"Hasemi. Nimekwenda kwake, kageukia ukutani. Nikasema labda wewe atakusikia."

Mzee huyo, ambaye ngazi mbili zilikuwa zikimshinda, aliomba aitiwe bodaboda. Alikwenda na hasira, hasira ya mtu anayemwona mtoto akicheza na moto. Akamkuta Subilaga amelala kwenye mkeka chini ya cherehani yake, uso umemvimba, pumzi fupi. Kwenye cherehani palikuwa na gauni la mtu, mkono mmoja umeshonwa na mwingine bado.

"We mtoto! Unataka kufa?" akafoka. "Una miaka mingapi, wewe, ya kulala hapa? Hospitali wanakungoja!"

"Ile mashine ni ghali, babu."

"Na wewe si mtu? Nani kakwambia hustahili kile kitanda? Niambie ni nani, nikamshike shati!"

Subilaga akamgeukia. Halafu akasema, bila ubaya wowote, kama anayejibu swali la kawaida:

"Ni wewe, babu."

Mzee akashika ukingo wa cherehani.

"Wewe umewalisha watoto wa nchi hii miaka yote," akaendelea Subilaga. "Nilikuwa nakutazama pale kitandani, najiambia, kama babu analala hapa bila wasiwasi, nami nitalala. Siku ulipoinuka mezani nikafikiri: kama yule aliyepika hastahili sahani, mimi niliyekuja juzi nastahili nini?"

Mzee wa watu akajishusha chini, kwa shida, akaketi pale sakafuni kwenye vipande vya vitambaa. Kila neno ambalo angemwambia binti huyu ili aishi, yeye mwenyewe alikwisha kulikataa. Ikabaki kweli moja tu, ile aliyoificha hata kwa Mungu.

"Sikuacha kwa ajili ya serikali," akasema. "Niliacha nione kama kuna mtu atanifuata."

Nje, mtu alikuwa akipasua kuni.

"Naogopa kurudi peke yangu," akasema mzee. "Nisindikize."

Na Subilaga, ambaye hakuinuka kwa kuambiwa atakufa, aliinuka kwa kuombwa msaada. Muuguzi aliyekuwa amefuata nyuma akawatafutia gari. Wakapokelewa wote wawili. Subilaga alilazwa, akasumbuka, damu yake ilikuwa imechafuka sana. Lakini akapona ile hatari, na lile gauni likapata mkono wake wa pili. Mzee naye akarudi kwenye kitanda chake, na mara nyingine bado aliona haya. Aliona haya, na akaenda vilevile.

Sasa tuseme yetu, wapendwa. Mnamcheka nani hapa, mnamlilia nani? Mzee alidhani anarudisha nyama kwenye bakuli ili mwingine ale. Hakuna aliyekula! Mashine ilifunikwa kitambaa. Kilichotoka mikononi mwake ni fundisho, na aliyelipokea ni mgonjwa mwenzake. Ukijihesabu kuwa hasara, usidhani umejihesabu peke yako. Kuna mtu kitanda cha jirani anakutazama, naye ana ugonjwa uleule.

Lakini mimi leo simwogopi sana yule mzee. Namwogopa yule mgeni aliyeomba sala nzuri. Kwa sababu huyo ndiye sisi. Ndiyo, sisi! Tukiwa msibani tunasimama na kusema, "Marehemu hakusumbua mtu," na wote tunaitikia kwa kichwa, kana kwamba ni taji. Nani alituambia hilo ni taji? Huenda marehemu alikuwa akitega sikio mlangoni, na sisi tukapita tukimsifu kwa ukimya wake. Dawa iliyonunuliwa kwa jasho la wote imenunuliwa ili iingie kwenye mwili wa mtu. Ikibaki kabatini, ndipo imepotea.

Najua humu ndani yumo mwenye siku ya kliniki wiki hii ambaye ameamua moyoni kutokwenda, na hajamwambia mtu. Sitakuuliza mbele za watu. Ibada ikiisha sitakwenda mlangoni kushikana mikono kama kawaida. Nitakaa kwenye benchi hili la mbele. Njoo uketi hapa, uniambie ni siku gani. Nitakwenda nawe.